Chakula Kilikuwapo: UVIKO-19 na Mlo wa Kaya za Afrika Mashariki

Wataalamu wa lishe huutazama uhakika wa chakula kwa pande nne: kuwapo kwa chakula chenyewe, uwezo wa watu kukipata, namna mwili unavyokitumia, na uthabiti wa hayo matatu kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Mara nyingi serikali, na hata vyombo vya habari, huishia kwenye upande wa kwanza, kwa kuhesabu magunia yaliyomo ghalani na kutangaza kwamba nchi ina akiba ya kutosha. Janga la UVIKO-19, lililothibitishwa kuingia Kenya na Tanzania katikati ya Machi 2020, lilifichua upungufu wa hesabu hiyo, kwa sababu katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki unga uliendelea kuuzwa madukani na mboga ziliendelea kuota mashambani, ilhali mlo wa mamilioni ya watu ulizidi kufifia, na ulififia kwa ubora kabla ya kupungua kwa wingi.

Nchini Kenya mambo yalifuatana kwa kasi. Shule zilifungwa katikati ya Machi, ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 mwezi huo, kafyu ya kuanzia saa 1 jioni hadi saa 11 alfajiri ikaanza tarehe 27, na mwanzoni mwa Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Malori ya mizigo hayakujumuishwa katika marufuku hiyo, kwa hiyo chakula kiliruhusiwa kusafiri; kilichokatika ni kipato cha yule ambaye angekinunua. Watalii wa kigeni, waliozidi milioni 2 mwaka 2019, walishuka hadi chini ya laki 6 mwaka 2020, na pwani nzima, kuanzia wapishi wa hoteli hadi madereva wa tuktuk na wasusi wa ufukweni, ikapoteza mshahara au kibarua kwa wakati mmoja. Hata Zanzibar, ambako hapakuwa na kafyu ya aina hiyo, ilionja machungu yaleyale, kwa kuwa ndege zilipoacha kuja haikuleta tofauti kubwa kama watu wa kisiwani walikuwa huru kutembea au la.

Si kila janga hupita njia hiyo. Homa ya mafua ya mwaka 1918 iliwaua kwa wingi watu wazima wenye nguvu, wa umri wa kati ya miaka 20 na 40, na kwa hiyo ililiathiri shamba moja kwa moja, kwa kuliondolea mikono ya kulima na kuvuna. Ilipofika Ugogo, katikati ya Tanzania ya leo, iliwakuta watu wamekwisha kudhoofishwa na njaa kubwa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya, iliyotokana na ukame pamoja na majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuchukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. UVIKO-19 ilikuwa kali zaidi kwa wazee, na wakulima wengi waliendelea kulima. Ila nayo haikuikuta nchi ikiwa salama, kwani makundi ya nzige wa jangwani yalikuwa yameingia Kenya tangu mwishoni mwa Desemba 2019, uvamizi mkubwa kuliko wote nchini humo kwa miaka 70. Hakuna janga linaloanzia kwenye sahani iliyojaa.

Kinachotokea katika kaya iliyopoteza kipato kimekwisha kuelezwa na wachumi kwa muda mrefu. Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kaya inavyokuwa maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya fedha zake inavyoishia kwenye chakula; naye mchumi wa Kimarekani Merrill Bennett akaongeza mwaka 1941 kwamba kipato kinaposhuka, watu hupata sehemu kubwa zaidi ya nishati yao kutoka vyakula vya wanga, kama vile mahindi, mchele na muhogo, kwa sababu ndivyo vinavyoshibisha kwa bei nafuu. Ugali haupungui haraka. Vinavyotoweka kwanza ni maziwa ya kwenye chai, kisha mayai, nyama na matunda, halafu samaki wakubwa wakabadilishwa kwa dagaa, hadi inafika siku dagaa nao wakawa wa kuonjeshwa watoto tu; na katika nyumba nyingi mama ndiye anayejipunguzia kabla ya mtu mwingine yeyote, ingawa kama ni mjamzito au ananyonyesha, mwili wake ndio unaohitaji zaidi.

Hali hiyo ndiyo inayoitwa njaa iliyofichika, yaani mtu kushiba huku mwili wake ukikosa virutubishi vinavyohitajika kwa viwango vidogo, kama vile madini ya chuma na zinki, vitamini A na foliki. Ili kuigundua, wataalamu hutumia kipimo cha anuwai ya mlo, ambacho kwa wanawake wa umri wa kuzaa hugawa vyakula katika makundi 10, yakiwamo nafaka na mizizi, kunde, maziwa, mayai, nyama na samaki, na mboga za majani, na mwanamke aliyekula angalau makundi 5 katika saa 24 huhesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kupata virutubishi vya kutosha. Aliyekunywa chai ya rangi kwa mandazi asubuhi, akala ugali kwa sukuma wiki iliyopikwa kwa nyanya mchana, na usiku akarudia ugali huo kwa maharagwe, amefikisha makundi 4. Samaki mmoja wa kukaanga ndiye angemvusha, na ndiye huyo aliyeondolewa na janga.

Suala la samaki linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri kuliko jingine lolote jinsi chakula kinavyoweza kuwapo na kukosekana kwa pamoja. Hoteli zilipofungwa, pweza, kaa na kamba wa pwani walikosa wanunuzi wao wakuu na bei aliyolipwa mvuvi ikaanguka, na mtu angetarajia kwamba neema hiyo ingeteremka hadi kwenye vyungu vya majirani. Haikuwa hivyo kwa wengi. Katika pwani ya Kenya samaki wadogo huwafikia watu wa kipato cha chini kupitia mama karanga, wanawake wanaonunua mzigo mdogo kutoka kwa wavuvi, wakaukaanga na kuuza barabarani, hasa jioni watu wanaporudi kazini. Na kafyu ya saa 1 iliikata biashara yao katika saa zenye wateja, tena wateja wenyewe hawakuwa na fedha wala majokofu ya kuwekea samaki hadi kesho. Uvuvi wa usiku nao ulipata pigo, baharini na katika Ziwa Victoria vilevile, ambako dagaa, au omena kama wanavyoitwa upande wa Kenya, huvuliwa kwa taa gizani. Ni vigumu kubuni amri ambayo ingemdhuru zaidi samaki wa maskini kuliko kuyafunga masaa ya usiku, na hakuna dalili kwamba waliotunga kafyu walikuwa wamelifikiria jambo hilo.

Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya mwezi wa Ramadhani, serikali ya Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi, na masoko na mikahawa ya maeneo hayo ikafungwa hadi mwezi uliofuata. Ramadhani ndio mwezi ambao mapishi ya barazani na vichochoroni, kama viazi karai, bajia, kaimati, na mbaazi za nazi, hulisha nyumba zisizo na nafasi wala kuni za kupika kila kitu zenyewe, na pia ndio ambao kinamama wanaoyapika huchuma sehemu kubwa ya pato lao la mwaka. Chakula cha barabarani huonwa na baadhi ya maofisa wa afya kama hatari ya kudhibitiwa tu, ilhali kwa mkaazi wa mjini mwenye chumba kimoja ni jiko la pili, na mara nyingi ndiyo njia yake pekee ya kula kunde.

Ununuzi wenyewe ulibadilika pia. Wenye akiba na stoo walinunua unga na mchele wa miezi kadhaa katika siku za mwanzo. Mwenye kipato cha siku kwa siku, anayenunua mafuta ya kupimiwa na sukari ya kufungiwa katika karatasi, hakuweza kufanya hivyo, na kwa ujazo uleule hulipa zaidi siku zote. Hatua moja iliyomfaa mtu wa aina hiyo ni ile ya Machi 2020 ya kuondoa ada ya kutumiana fedha kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000 za Kenya, ambayo iliwawezesha ndugu kutumiana fedha ya mlo mmoja bila kukatwa.

Kwenye mipaka, madereva wa malori walisubiri majibu ya vipimo kwa siku nyingi huko Malaba, Busia na Namanga, na foleni zikafikia makumi ya kilomita. Nafaka huvumilia kusubiri. Nyanya, ndizi na maziwa havivumilii. Huko Uganda wachuuzi wa sokoni waliamriwa walale humohumo sokoni ili wasipeleke maambukizi nyumbani, na wanawake wengi walilala chini ya vyandarua kando ya meza zao za mboga kwa wiki kadhaa. Miji ililishwa na wanawake hao, na deni hilo bado halijalipwa ipasavyo.

Msaada wa chakula uliotolewa Kampala na Wakiso unafaa kuchunguzwa kama mfano wa fikra zilizotawala. Kila mtu alipangiwa kilo 6 za unga wa mahindi, kilo 3 za maharagwe na chumvi, na wanaonyonyesha na wagonjwa waliongezewa maziwa ya unga na sukari. Kilo 6 za unga hutoa takriban kalori 21,000, na kilo 3 za maharagwe takriban 10,000, kwa hiyo kwa kipimo cha kalori 2,100 kwa siku kinachotumika kupangia misaada ya dharura, mgawo huo ulitosha kadiri ya siku 15, na kwa upande wa nishati na protini ulikuwa mzuri. Hata hivyo haukuwa na vitamini C, wala vitamini A yenye kutajika iwapo unga haukuwa umerutubishwa. Kasoro hiyo inagusa hata kile kilichokuwamo, kwa maana madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mahindi hushikwa na asidi ya fitiki, kemikali ya asili iliyo katika nafaka na kunde, na mwili hufyonza sehemu ndogo tu, isipokuwa mlo huo uandamane na kitu chenye vitamini C, kama ndimu, pilipili mbichi au chungwa. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzidisha tatizo, kwani nayo huyazuia madini hayo.

Kwa hiyo limau, lililonunuliwa kwa wingi Tanzania mwaka huo pamoja na tangawizi na vitunguu saumu kwa imani kwamba vingeizuia korona, lilikuwa na kazi ya kweli ambayo haikutangazwa vya kutosha. Hakuna chakula kilichothibitishwa kuzuia virusi hivyo au kuviponya. Lakini uhusiano wa lishe na maambukizi si hadithi: mwaka 1968 Nevin Scrimshaw na wenzake, katika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Duniani, walieleza mzunguko ambao ugonjwa hupunguza hamu ya kula na kuongeza mahitaji ya mwili, nao mwili uliopungukiwa ukawa dhaifu mbele ya ugonjwa unaofuata. Matone ya limau juu ya maharagwe ya mtoto yalikuwa na faida kubwa kuliko kikombe cha maji ya moto yenye limau alichokunywa baba yake.

Watoto ndio waliolipa kwa muda mrefu zaidi. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilikadiria kwamba kufungwa kwa shule kuliwakosesha mlo wa shuleni watoto milioni 370 duniani, na kwa wanafunzi wengi wa Kenya ukosefu huo uliendelea hadi Januari 2021. Katika kaunti kame, sahani ya mahindi na maharagwe ya shuleni huwa ndiyo mlo wa uhakika wa siku. Mnamo Julai 2020 jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba watoto milioni 6.7 zaidi wa chini ya miaka 5 wangekumbwa na ukondefu mwaka huo, yaani uzito kuwa mdogo mno ukilinganishwa na urefu. Ukondefu hutibika. Udumavu, ambao ni urefu kubaki nyuma ya umri, hujengeka polepole katika siku 1,000 tangu mimba kutungwa hadi mtoto kufikisha miaka 2, na kipindi hicho kikipita, pengo lake huzibika kwa shida sana.

Katika upande mwingine wa mji, waliobaki nyumbani na mishahara yao walikula mara nyingi zaidi na kutembea kidogo, na wengi wakaongezeka uzito, wakati unene uliokithiri na kisukari vilikuwa vikithibitishwa kuwa miongoni mwa mambo yanayoifanya UVIKO-19 iwe kali.

Katika hatua zilizochukuliwa, zile zilizompa mtu fedha, kama malipo ya Inua Jamii kwa wazee nchini Kenya, zilikuwa na ubora ambao gunia la unga halina, kwa kuwa mpokeaji aliweza kumrudia mama mboga na mama karanga, akala makundi mengi zaidi na kuwaachia nao kipato. Bustani za jikoni zilizohimizwa na serikali mwaka huo ziliwafaa wenye kiwanja na maji, si wapangaji wa Kibera. Na kwa kuwa mama wengi waliogopa kliniki, mafunzo ya kuwapa wazazi utepe wa kupimia mkono wa mtoto yalipanuliwa katika nchi nyingi: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzingo wa mkono ulio chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali, na mama anaweza kuusoma mwenyewe kwa rangi nyekundu ya utepe, bila kusubiri siku ya mizani. Utepe huo ni wa bei ndogo sana, na kila kaya yenye mtoto wa umri huo ingeweza kuwa nao sasa, kabla ya masoko kufungwa tena.