Kete Iliyohama Haijafa

Saa za jioni, kabla wavuvi wa chisense hawajaingia majini, ufuko wa Kashikishi, jirani na mji wa Nchelenge, huwa na baraza ya watu. Chisense ni samaki wadogo mfano wa dagaa, nao huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga. Zamani mwanga huo ulikuwa wa karabai; siku hizi taa za betri zimeshika nafasi yake. Wakati wa kungoja giza ndio wakati wa mchezo, na mchezo wa huku huitwa isolo, ndugu wa karibu wa bao letu: safu nne za mashimo yaliyochimbwa mchangani, na kokoto ndizo kete.

Jioni moja tulisimama hapo pamoja na askari kijana aliyehamishiwa upande huu karibuni. Mbele yetu wazee wawili walikuwa wakicheza. Kando yao, juu ya mtumbwi uliopinduliwa, alikaa mvulana mwenye simu iliyopasuka kioo, akicheza mpira wa miguu kwa vidole viwili. Alikuwa akizungumza na mwenzake Kiswahili cha Katanga, nasi tukatambua kwamba kwao ni ng'ambo ya ziwa. Askari wetu akatikisa kichwa, akasema, "Afande, hawa wamekimbia vita, na bado wanachezea simu."

Hatukumjibu papo hapo, kwa kuwa jibu la haraka mara nyingi huwa ni amri tu. Makala haya ndiyo jibu letu kwake, na kwa kila askari na polisi ambaye kazi yake humkutanisha na watu waliohama.

SHERIA MBILI ZA KETE

Wasomaji wetu waliokulia Pwani wanajua kwamba bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Lakini jambo la kushangaza zaidi katika bao hilo ni sheria yake ya mateka. Kete iliyotekwa haitupwi. Mtekaji huichukua, akaipanda katika mashimo ya upande wake, nayo ikaendelea na kazi kama kete nyingine yoyote. Tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo hesabu haipungui.

Katika aina kadhaa za mchezo huu zichezwazo kusini zaidi, sheria ni nyingine: kete iliyotekwa hutolewa nje, na ubao huzidi kuwa mtupu kadiri mchezo unavyoendelea. Sheria zote mbili ni halali, na kila moja ina mabingwa wake. Ila askari anayesimama mpakani yampasa ajiulize ni sheria ipi anayoishika moyoni anapomwona mtu aliyevuka na kifurushi kichwani. Je, ni kete iliyotoka mchezoni, au ni kete ya kupandwa upya?

ZIWA LA WATU WALIOHAMA

Ziwa Mweru lenyewe linatufundisha. Mto Luapula huingia kusini mwake, na maji hutoka kaskazini kwa Mto Luvua, karibu na Pweto, yakielekea Lualaba na hatimaye bahari ya magharibi. Mpaka wa Zambia na Kongo unapita katikati ya maji hayo, lakini samaki hawaujui, wala lugha haziujui.

Hata wenyeji wa heshima kubwa kabisa wa bonde hili walikuja kutoka kwingine. Walunda wa Mwata Kazembe, ambao makao ya mtawala wao yako Mwansabombwe, walitoka magharibi wakavuka Luapula, na sherehe yao kuu ya kila mwaka, Mutomboko, hukumbuka safari hiyo ya kuvuka. David Livingstone alipofika Mweru mwezi Novemba 1867, aliwakuta katika nchi ya Kazembe wafanyabiashara waliotoka upande wa Pwani ya Mashariki. Kwa hiyo Kiswahili hakikufika hapa jana.

Mwaka 2017 mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwasukuma maelfu ya Wakongo kuingia Zambia. Wengi walipokelewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani, wilayani Nchelenge, na mwanzoni mwa mwaka 2018 makazi ya Mantapala yalifunguliwa katika wilaya hiyo hiyo. Hapo watu zaidi ya elfu kumi walipewa nafasi ya kujenga na kulima, badala ya kukaa mahemani wakingoja mgao tu. Walikuja na watoto, sufuria, magodoro, na wengine simu zao. Vitu hivyo mlinzi huviona anapokagua mizigo, lakini yale mtu aliyonayo kichwani hayaonekani mzigoni.

KIJANA WA KAMBINI

Ili tusiseme kwa nadharia tupu, na tuchukue mfano wa mkimbizi mmoja wa Afrika Mashariki ambaye habari zake zinajulikana duniani. Jina lake ni Lual Mayen. Wazazi wake walitoka Sudan Kusini wakikimbia vita, naye alizaliwa safarini, kabla familia haijafika kaskazini mwa Uganda. Huko, katika kambi ya wakimbizi, aliishi zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka 2007, katika kituo cha kuandikisha wakimbizi, aliona kompyuta kwa mara ya kwanza. Tunaomba msomaji aitazame vizuri picha hiyo. Mashine iliyokuwa ikiandika jina lake katika orodha ya wasio na kwao, ndiyo mashine aliyoitamani. Karani aliona foleni. Kijana aliona ufundi. Alimweleza mama yake kwamba angependa kuwa na kompyuta, na mama huyo akadunduliza fedha kwa miaka mitatu, hadi akafikisha dola 300 za Marekani. Kwa mtu wa kambini, fedha hiyo ni chakula cha siku nyingi mno.

Kompyuta ilipopatikana, tatizo jipya likazuka: kambini hapakuwa na umeme wa kuichaji. Mayen alitembea mwendo wa saa tatu kwenda mahali penye umeme, akaichaji, akarudi. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza kutunga programu kwa masomo aliyoletewa katika flashi. Miongoni mwa michezo aliyoicheza ulikuwamo Grand Theft Auto, ambao ni mchezo wa bunduki na wizi wa magari. Ndipo akajiuliza: ikiwa mchezo waweza kumzoesha kijana kuona risasi kuwa kitu cha kawaida, je, hauwezi pia kumzoesha amani? Akaunda mchezo wake mwenyewe, akauita Salaam.

Mchezo huo ulisambaa kwanza kwa njia ya kurushiana kutoka simu moja hadi nyingine, kama vile vijana wetu wanavyorushiana nyimbo. Baadaye ulimfikisha mbali. Mayen alihamia Washington, Marekani, akaanzisha kampuni yake, Junub Games, na Desemba 2018 alitambuliwa hadharani katika tuzo kubwa za michezo ya kompyuta. Salaam aliurekebisha ili mchezaji amwongoze mkimbizi anayekimbia hatari. Mkimbizi anapoishiwa nguvu, lazima apate chakula, maji au dawa. Kusudio lake lilikuwa kwamba fedha halisi anayotoa mchezaji kwa mahitaji hayo isaidie watu wa kambini kweli.

Mtu huyu alihama mara mbili: kwanza tumboni mwa mama yake, na mara ya pili kwa ndege. Kila mara alikuta mahali asipopajua na vyombo asivyovizoea. Safari ya kwanza hakuichagua. Ya pili ilitokana na mchezo ambao wapita njia wengi wangeuita upotevu wa wakati.

MFALME NA UBAO WAKE

Yule ambaye bado ana shaka, na asikie habari za kale kutoka Kongo hiyo hiyo, katika nchi ya Kasai. Wakuba wanamkumbuka mfalme wao Shyaam aMbul aNgoong wa karne ya 17. Masimulizi yao yanasema kwamba kabla hajatawala alisafiri kwenda nchi za magharibi, akajifunza mambo mapya, akarudi na mazao na ufundi ambao watu wake hawakuwa nao. Kila mfalme wa Wakuba alichongewa sanamu yenye alama yake mbele ya miguu. Sanamu ya Shyaam, ambayo sasa imo katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London, haina mkuki wala ngao kama alama. Alama yake ni ubao wa mchezo wa kete.

Hapana shaka maana yake ilieleweka kwa watu wake. Mchezo wa kete ni hesabu, ni subira, ni kuona mbele. Anayejua kuhesabu kete 64 akilini bila kugusa ubao, amekwisha kupata nusu ya akili inayohitajiwa na kompyuta.

SISI NASI TUMEHAMA

Ndugu askari, uhamisho si jambo geni kwetu. Tulipotoka katika chuo cha maafisa kadeti, kila mmoja alipewa barua, na kila barua ilikuwa na jina la mahali tusipopajua. Tulifungasha kila mmoja sanduku lake. Kilichotufaa zaidi kilikuwa kitu kisicho na uzito: drafti. Popote tulipopelekwa palipatikana kipande cha boksi na vizibo vya soda, na kwa vizibo hivyo tulipata marafiki kabla hatujajua njia ya kwenda sokoni.

Hali kadhalika kuhusu vyombo vipya. Chuoni tulifundishwa kusoma ramani ya karatasi na dira. Baadaye tulikabidhiwa vifaa vinavyoonyesha mahali kwa msaada wa satelaiti, na wengine wetu tulivishika kama mtu anayeshika nyoka. Tuliona kwamba waliovizoea upesi ni wale wale waliokuwa hodari wa dira. Ujuzi wa zamani ndio uliowafungulia mlango wa ujuzi mpya.

Basi mlinzi anapomkuta kijana wa Mantapala na simu yake, kazi yake ya usalama ipo palepale. Akague inavyotakiwa, aulize inavyotakiwa, na sheria ishike njia yake. Lakini asimdharau, wala asichukue chombo chake pasipo sababu ya kisheria. Chombo hicho chaweza kuwa darasa pekee alilovuka nalo. Mama mmoja katika kambi ya Uganda alikaa miaka mitatu akitafuta kompyuta; mlinzi mmoja mwenye hasira angeweza kuivunja kwa dakika moja.

Kabla hatujaondoka ufukweni jioni ile, simu ya mvulana ilizimika. Umeme wake ulikuwa umekwisha. Alikaa kidogo, akaitia mfukoni, akasogea kwa wazee. Mmoja wao akamwonyesha kwa kidevu nafasi ya kukaa. Mvulana akatazama mashimo kwa muda, akauliza kwa Kibemba cha kujifunza ni upande gani kete zinakozunguka, maana kwao, alisema, wanacheza kwa namna nyingine. Mzee akamweleza. Raundi iliyofuata mvulana alishindwa vibaya, na ya pili alishindwa kwa shida.

Tulipogeuka kumtafuta askari wetu, alikuwa amekwisha kuchuchumaa kando yao, akingoja zamu yake.