Soketi ndani ya kabati la sebuleni: urahisi unaotaka hesabu

KABATI la sebuleni limebadilika sana katika nyumba za mijini. Zamani lilikuwa pande moja zito la mninga au mkongo, lenye vioo mbele, na kazi yake ilikuwa kutunza sahani za wageni, vikombe na picha za harusi. Siku hizi familia nyingi hununua kabati la vipande, yaani visanduku na rafu zinazounganishwa kwa skrubu, ambazo hupangwa upya kadiri chumba kinavyobadilika na kufunguliwa siku ya kuhama.

Ndani ya visanduku hivyo sasa hukaa televisheni, king'amuzi, ruta ya intaneti, redio ya sabufa na simu zinazochajiwa usiku kucha. Vyote vinahitaji umeme, ilhali nyumba nyingi za kupanga zilijengwa zikiwa na soketi moja au mbili tu katika kila chumba. Matokeo yake huonekana mara mtu anapochungulia nyuma ya kabati: ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, nyaya zimesokotana, na plagi moja inaning'inia nusu nje.

Ndipo lilipozaliwa wazo la kuweka soketi ndani ya kabati lenyewe. Wazo hilo si baya. Soketi iliyofungwa vizuri kwenye ubao ni salama kuliko ekstensheni iliyotupwa sakafuni, mahali ambapo maji ya kudeki, panya na vidole vya watoto huifikia kwa urahisi. Lakini kazi hiyo ikifanywa ovyo, tatizo huwa limefichwa tu nyuma ya mbao, na mbao huungua.

Jambo la kwanza la kuamua ni mahali umeme utakapotoka. Wapo mafundi wanaopendekeza kuunganisha waya moja kwa moja kutoka kwenye nyaya za ukutani hadi kwenye soketi za kabati, bila plagi. Kazi ya namna hiyo hupendeza macho, kwani hakuna waya unaoonekana. Hata hivyo, kabati si ukuta. Husogezwa wakati wa usafi, huvutwa wakati wa kupaka rangi na huhamishwa kodi inapokwisha. Nyaya ngumu za ukutani hazikutengenezwa kwa ajili ya kupindwa mara kwa mara, na kila msukosuko hulegeza viungio vyake. Kiungio kilicholegea hupata joto hata pale ambapo umeme unaopita ni wa kiasi.

Njia iliyo bora ni kulichukulia kabati kama kifaa kimoja cha umeme, sawa na pasi au jokofu. Liwe na kebo moja laini, yenye plagi moja yenye fyuzi, inayochomekwa kwenye soketi moja ya ukutani. Siku ya kuhama, plagi inachomolewa na kazi imekwisha. Kiwango cha Uingereza BS 6396, kinachohusu umeme katika samani za ofisini na za shuleni, kimefuata mwelekeo huohuo wa plagi yenye fyuzi. Hata kiwango cha kimataifa cha ufungaji umeme, IEC 60364, kina sehemu nzima ya 713 inayohusu samani peke yake, jambo linaloonyesha kwamba wataalamu hawalioni kabati lenye soketi kuwa ni mchezo wa seremala.

Baada ya hapo huja hesabu, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Plagi ya miguu mitatu ya mraba, iliyorithiwa kutoka Uingereza, inaruhusu ampea 13, ambazo ni sawa na takriban wati 3,000. Mtu akisikia hivyo hudhani ana nafasi kubwa ya kuchomeka chochote.

Chukua kabati la kawaida. Televisheni ya wati 90, king'amuzi cha wati 15, ruta ya wati 10, sabufa ya wati 80, kompyuta ya mapajani ya wati 65 na simu mbili zinazotumia wati 30 kwa pamoja. Jumla ni wati 290, yaani ampea 1.3 hivi. Huo ni mzigo mdogo mno, na kebo yoyote ya haki huubeba bila hata kupata uvuguvugu.

Sasa mtu mmoja katika nyumba achomeke birika la umeme la wati 2,200 kwenye soketi hiyohiyo ya kabati, kwa sababu tu ipo karibu na kiti chake. Mzigo unaruka hadi wati 2,490, karibu ampea 11. Joto ndani ya waya haliongezeki kwa uwiano ulio sawa na umeme unaopita. Huongezeka kwa kipeo cha pili. Umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kwa mfano huu umeme umezidi zaidi ya mara nane, hivyo joto katika kila kiungio limezidi zaidi ya mara 70. Kiungio ambacho hakikuwa na tatizo wakati wa taarifa ya habari kinaweza kuanza kuunguza ubao wakati wa chai.

Kwa sababu hiyo, soketi za kabati zinafaa vifaa vidogo vya kielektroniki pekee. Pasi, birika, jiko la umeme na hita havina nafasi hapo, bali vichomekwe ukutani. Na kwa kuwa kumkumbusha kila mwanafamilia na kila mgeni ni kazi isiyokwisha, fyuzi iachwe ifanye kazi hiyo.

Plagi ya Uingereza ina historia yake katika suala hili. Kiwango chake, BS 1363, kilitolewa mwaka 1947, wakati ambapo nchi hiyo ilikuwa ikijenga upya baada ya vita na ilitaka soketi nyingi zitumie waya mmoja unaozunguka nyumba. Breka ya mzunguko wa namna hiyo ni kubwa, ya ampea 30 au 32, na haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani. Ndipo fyuzi ndogo ikawekwa ndani ya plagi yenyewe, ili kila kifaa kiwe na mlinzi wake.

Mlinzi huyo huchaguliwa kulingana na mzigo. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13, na wengi hawajui kwamba inaweza kubadilishwa. Kwa kabati lenye vifaa vilivyotajwa, fyuzi ya ampea 5 inatosha na kubaki. Inaruhusu hadi wati 1,150. Birika likichomekwa humo, fyuzi itakatika baada ya muda mfupi na mwenye birika ataelewa. Hasara ni fyuzi ya bei ndogo.

Ipo tabia mbaya inayolifuta faida hili lote, nayo ni ya kuizungushia fyuzi iliyokatika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au kuweka kipande cha waya mahali pake. Kifaa huwaka tena, na fundi wa mtaani husifiwa. Kuanzia hapo hakuna kitu kinachoilinda kebo isipokuwa breka kubwa ya nyumba, ambayo haitashtuka hadi kebo iwe imekwisha kuyeyuka.

Kuhusu kebo, inayofaa ni kebo laini yenye nyaya tatu ndani, kila mmoja ukiwa na ukubwa wa milimita 1.5 za mraba. Wa kahawia ni wa moto, wa bluu ni nyutro, na wa kijani chenye mistari ya njano ni ethi. Nyaya mbili pekee hazitoshi, hata muuzaji akisisitiza kwamba televisheni haihitaji ethi, kwa kuwa soketi haichagui kitakachochomekwa kesho. Urefu nao upimwe. Kebo inayozidi na kuviringishwa nyuma ya kabati hushindwa kutoa joto lake, ndiyo maana ekstensheni za kuviringisha huandikwa viwango viwili vya mzigo: kikubwa ikiwa imenyooshwa yote, kidogo sana ikiwa imeviringishwa.

Jambo jingine ni aina ya soketi. Madukani zipo soketi za kupachika kwenye samani zilizotengenezwa kwa ajili ya Ulaya bara au China, na kabati zinazoagizwa kutoka nje wakati mwingine huja nazo tayari. Plagi ya Ulaya bara yenye miguu miwili ya duara haina fyuzi ndani, kwani huko hutegemea breka ya ampea 16 ya mzunguko. Ikiletwa hapa na kuchomekwa kwa adapta isiyo na fyuzi kwenye mzunguko wa ampea 32, ulinzi huo huwa umeachwa ng'ambo.

Vivyo hivyo kwa soketi zenye matundu yanayopokea plagi za kila nchi. Zinavutia, lakini ethi ya plagi ya Ulaya bara iko ubavuni, na matundu hayo hayaigusi. Kifaa kinawaka huku ethi yake ikiwa haijaunganishwa popote. Nyingi kati ya soketi hizo pia hazina vifuniko vya ndani vinavyozuia mtoto kuingiza msumari. Kwa nyumba ya Tanzania au Kenya, soketi ya miguu mitatu ya mraba yenye swichi ndiyo inayostahili kuwekwa.

Ubao nao una masharti yake. MDF na chipbodi hukubali kutobolewa, ila skrubu zikiwa karibu sana na ukingo hupasua. Kabati nyepesi za kisasa ni suala tofauti. Kallax ya kampuni ya IKEA ya Sweden, iliyochukua nafasi ya Expedit mwaka 2014 na kuigwa na watengenezaji wengi duniani, ina sehemu ambazo ndani yake si mbao bali karatasi iliyoundwa kama sega la nyuki. Skrubu ya kawaida haishiki humo, na soketi inayochomolewa kila siku itang'oka. Tena hakuna sababu ya kuweka kiungio cha umeme kikiwa wazi katikati ya karatasi. Katika kabati la aina hiyo soketi hufungwa ndani ya kisanduku chake kamili chenye kifuniko, juu ya uso wa ubao, na kebo hupita kwenye tundu la nyuma lililowekewa pete ya mpira ili ukingo usiukate.

Tundu la nyuma liwe dogo. Ubao mwembamba wa mgongoni unaodharauliwa na wengi ndio unaolizuia kabati lisiyumbe. Ukikatwa nusu nzima ili kupitisha nyaya, kabati huinama. Kabati refu linapaswa pia kufungwa ukutani lisije likamwangukia mtoto, na anayetoboa ukuta kwa drili akumbuke kwamba waya wa soketi kwa kawaida hupanda wima juu yake au hushuka wima chini yake.

Soketi ya ukutani inayolilisha kabati isifunikwe na kabati hilo. Inapotokea cheche usiku, mtu awe na uwezo wa kuzima swichi kwa mkono mmoja bila kwanza kuhamisha televisheni na vitabu. Kisanduku cha ruta na king'amuzi nacho kiachwe wazi mgongoni, kwani mlango uliofungwa pande zote hufuga joto.

Mwenye nyumba mwenye mikono mizuri anaweza kupima, kutoboa na kupachika mwenyewe. Kuunganisha nyaya, na kuangalia kama ethi ya nyumba inafanya kazi kweli, ni shughuli ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Fundi huyo aulizwe pia iwapo nyumba ina RCD, kifaa kinachokata umeme pindi miliampea 30 zinapovuja kwenda ardhini. Kifaa hicho huokoa mtu asiuawe na umeme, ingawa hakizuii kebo kuzidiwa na mzigo. Kila kimoja kina kazi yake.

Kazi ikikamilika, vifaa vyote viwashwe kwa saa moja, kisha swichi ya ukutani izimwe na plagi ishikwe kwa kiganja. Uvuguvugu kidogo si neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kumfanya mtu aondoe mkono, au ikitoa harufu ya plastiki, ichomolewe na isirudishwe hadi kiungio chenye kasoro kipatikane.