Kuelekeza Nadhari ya Mgonjwa wa Kiharusi Ajifunzapo Kutembea Upya

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kufika katika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba au kwa sababu umepasuka. Sehemu hiyo ikiharibika, upande mmoja wa mwili hulegea au hupooza. Kwa kuwa njia nyingi za neva hupishana kabla ya kuingia katika uti wa mgongo, madhara ya ubongo wa kushoto huonekana katika mguu wa kulia. Mguu wenyewe hauna jeraha. Misuli na mifupa ipo, lakini amri haziufikii sawasawa. Kwa hiyo mazoezi ya mguu baada ya kiharusi hayakusudiwi kutia misuli nguvu tu. Ni mafunzo ya ubongo pia.

Nadhari ya Ndani na ya Nje

Tuchukue mfano wa mgonjwa anayeburuta ncha ya mguu atembeapo. Mtaalamu wa tiba ya viungo aweza kumwambia, "Kunja goti, inua vidole." Hapo nadhari imeelekezwa ndani, yaani kwenye viungo vyake. Aweza pia kulaza kijiti sakafuni na kusema, "Kivuke bila kukigusa." Mwendo unaotakiwa ni ule ule, lakini nadhari sasa iko nje, kwenye matokeo ya mwendo.

Tofauti hiyo ilipimwa nchini Ujerumani na Gabriele Wulf na wenzake, waliochapisha matokeo yao mwaka 1998. Watu wenye afya walisimama juu ya mtambo unaoiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji, wakausukuma huku na huku. Kundi moja liliambiwa lizingatie mguu wa upande wa nje. Jingine lizingatie magurudumu yaliyo chini ya mguu huo huo. Umbali baina ya vitu hivyo ni mdogo mno, lakini kundi la magurudumu lilijifunza vizuri zaidi. Wataalamu hao walieleza baadaye kwamba mtu anayechunga kila kiungo huingilia kazi ambayo ubongo huifanya bila kufikiri, na mwendo wake hukakamaa.

Je, Yafaa kwa Kila Mgonjwa?

Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kwamba wagonjwa wa kiharusi walipeleka mkono kwa kasi zaidi walipozingatia chombo cha kushikwa kuliko walipozingatia mkono wenyewe. Hata hivyo, mwaka 2019 watafiti wa Uholanzi waliwafunza wagonjwa kusimama juu ya ubao unaoyumba, wala hawakuona tofauti ya maana baina ya maelekezo ya ndani na ya nje.

Jambo hili halishangazi, kwani wagonjwa hawafanani. Asiyehisi unyayo wake hana budi kuutazama kabla ya kuukanyagia, asije akaanguka. Aliyeumia ubongo wa kulia mara nyingine huusahau kabisa upande wake wa kushoto, na huyo lazima akumbushwe kwamba anao mguu huo.

Linalodhihirika ni kwamba maneno ya mwelekezaji ni sehemu ya tiba, nayo yapasa kupimwa. Agizo moja fupi hufaa kuliko matano yanayofuatana, kwani ubongo uliojeruhiwa huchoka upesi. Jamaa wanaomsaidia mgonjwa nyumbani, baada ya kushauriwa na mtaalamu, waweza kuchora mstari wa chaki sakafuni ili aukanyage, au kumwekea alama ukutani aielekee anapoinuka kitini, huku mtu akiwa karibu kumdaka. Lengo la nje lisipomsaidia, arudishwe kwenye mguu wenyewe. Na mwendo ukianza kuwa mwepesi, maagizo yapunguzwe. Mwisho wa mafunzo haya ni mgonjwa kutembea hadi mlangoni akiufikiria mlango, wala si goti lake.