MAELEZO KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI: SUPU YA BOGA LILILOPONDWA

Wananchi wa Unguja na Pemba wanaletewa maelezo haya kuhusu chakula chepesi kinachoweza kupikwa nyumbani kwa muda usiozidi saa moja na nusu.

Katika nyumba nyingi yupo mzee asiyeweza kutafuna, au mgonjwa aliyepoteza hamu ya kula. Mara nyingi mtu huyo hupewa mchuzi mwepesi au chai na mkate. Siku zikipita hudhoofika bila ya wenziwe kutambua, kwani kila siku wamemuona akila. Tumbo hujaa maji, lakini mwili haukupata kitu. Kwa hivyo supu inayokusudiwa hapa iwe nzito, na ichanganywe na choroko ili kuupa mwili protini.

Mahitaji ya watu watano:
Boga lililomenywa, kilo 1, choroko, kikombe 1, karoti 2, kitunguu maji 1 kikubwa, thomu, punje 2, tangawizi kidogo, mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya chakula, tui zito, nusu kikombe, maji safi, lita 1, chumvi, isiyozidi nusu kijiko cha chai, ndimu 1.

Namna ya kupika:
(a) Choroko zichaguliwe, zioshwe na zichemshwe peke yake mpaka zipasuke.
(b) Boga na karoti zioshwe kabla ya kumenywa, kisha zikatwe vipande vidogo vilivyo sawa ili viive pamoja.
(c) Kitunguu, thomu na tangawizi vikaangwe kwa moto mdogo mpaka vilainike, bila ya kuungua.
(d) Boga, karoti na maji vitiwe, sufuria ifunikwe, na vichemke kwa dakika 20 hadi 25.
(e) Sufuria iepuliwe, choroko zitiwe, na vyote vipondwe kwa mwiko au mchi safi, kisha vipitishwe katika chujio. Mwenye mashine ya kusagia asubiri supu ipoe kidogo na asijaze zaidi ya nusu ya chombo, kwani mvuke huweza kurusha kifuniko na kumuunguza.
(f) Supu irudishwe jikoni, itiwe tui, na ikorogwe kwa moto mdogo mpaka ichemke. Chumvi na ndimu vitiwe mwisho.

Maji yaliyochemshiwa boga yasimwagwe, kwa kuwa baadhi ya vitamini huyeyuka humo. Boga lenye rangi ya manjano iliyokoza huupatia mwili vitamini A, inayosaidia macho kuona penye mwanga hafifu na mwili kujikinga na maradhi. Vitamini hiyo hupokelewa vyema zaidi pale chakula kinapokuwa na mafuta kidogo. Hivyo tui halikuwekwa kwa ajili ya ladha peke yake.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Vidonge vya kutia ladha katika mchuzi navyo vina chumvi nyingi, na mwenye maradhi ya shindikizo la damu anashauriwa aviepuke. Ndimu na tangawizi zinatosha kuikoleza supu hii.

Mtoto aliyetimiza miezi 6, ambaye tayari ameanza kula, aweza kutengewa sehemu yake kabla ya chumvi kutiwa. Apewe ile iliyo nzito, isiyodondoka kwa urahisi kutoka kijikoni, huku akiendelea kunyonya.

Supu inayobaki isiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili, hasa wakati wa joto. Iwekwe ndani ya friji katika chombo kilichofunikwa, na kabla ya kuliwa ichemshwe tena mpaka itokote. Pasipo na friji, ipikwe ya kumalizwa kwa mlo mmoja.

Mgonjwa wa figo au wa kisukari amuulize daktari wake kiasi kinachomfaa. Walio wazima nao wanahimizwa kula chakula hiki pamoja na wazee wao, ili mzee asijione kuwa ametengwa kwa sufuria yake.