Opsio yako ndiyo mtihani wako



Kila mwaka kuna finalisti anayeniuliza: "Yaya, mu Exetat niweke nguvu wapi ili nisome udaktari?" Swali nzuri, ila linakuja kwa kuchelewa. Kuna nchi ambako mwanafunzi anachagua masomo ya mtihani akielekea chuo. Kwetu Kongo, ulichagua siku ulipomaliza mwaka wa 8 ukaingia humanite.

Exetat ni siku 4: maarifa ya jumla, lugha, sayansi na masomo ya opsio. Siku ya opsio ndiyo inatutenganisha. Wa Sayansi anapambana na kemia na biolojia, wa Pedagojia na saikolojia, wa Komersiali na uhasibu. Kisha wote wakifikisha asilimia 50 wanapata diploma, na vyuo vingi vinawaandikisha. Hapo ndipo familia zinadanganyika. Asilimia 70 ya Komersiali ni akili kweli, lakini haikufundishi kemia.

Mimi nilisoma agronomia. Mwaka wa kwanza niliona wenzangu wenye akili kunipita wakirudia mwaka, sababu kemia walikuwa wanaianza pale pale. Mwaka mmoja wa kurudia ni minervali mara mbili, na kwetu minervali ni mavuno ya kakao.

Basi anza na mwisho, urudi nyuma:

– Udaktari wa watu, wa mifugo, agronomia (vyote viko UCG, Butembo): Sayansi. Kwa agronomia, hata opsio ya kilimo inafaa.
– Uinjinia: Sayansi.
– Uchumi: Komersiali inasaidia mu uhasibu, lakini hesabu na takwimu zinakungoja. Wa Sayansi hapo hawateseki.
– Sheria: Latini-Filozofia ni njia nzuri. Opsio nyingine nazo zinaenda, bora Kifaransa chako cha kuandika kiwe imara.
– UCBC, hapa Beni: wanafundisha kwa Kifaransa na Kiingereza. Siku ya lugha usiidharau, hata uwe wa opsio gani.

Na kama ulikimbia vita, shule uliyopata ikawa na Pedagojia tu? Au tayari uko mwaka wa nne? Opsio hutabadilisha tena, lakini unaweza kujaza pengo. Azima kaye za kemia na fizikia kwa rafiki wa Sayansi, uzisome kati ya Exetat na kufunguliwa kwa chuo. Na kabla ya kulipa pesa ya kujiandikisha, uliza kitivo maneno mawili: kuna mtihani wa kuingia? Unahusu masomo gani?

Wazazi, mtoto wa mwaka wa 8 mumuulize anataka kufanya kazi gani kabla ya kuuliza shule gani iko karibu.

Na sisi wakubwa wa chama, mwenye kaye za zamani ndani ya sanduku azitoe. Kuna mdogo anazihitaji.