ARDHI YA MACHAKOS: MPANGO HAUSIMAMI PASIPO WENYEWE

Mpango wa matumizi ya ardhi ni kuamua sehemu ipi ya nchi ilimwe, ipi iachiwe mifugo, ipi ibaki msitu, na maji ya mvua yaongozwe njia gani. Kuyaandika hayo katika karatasi si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kupata ridhaa ya mwenye jembe. Jambo hili ladhihirika katika habari za Machakos, ambako njia mbili zilijaribiwa: njia ya amri na njia ya hiari.

Jinsi shida ilivyoanza

Vilima vya Machakos vina miteremko mikali, na mvua zake huja kwa nguvu baada ya miezi ya ukavu. Udongo usiofunikwa na majani huchukuliwa upesi na maji. Zamani, shamba lilipochoka, mtu aliweza kuhamia kwingine. Lakini chini ya utawala wa Waingereza mipaka ya Rizavu ilikatwa, na ardhi nzuri ya vilima vya Mua ikapewa walowezi. Watu na ng'ombe wakazidi kusongamana mahali palepale. Mwaka 1937 afisa wa kuhifadhi udongo, Colin Maher, alitoa taarifa iliyoonya kwamba nchi hiyo ilikuwa ikigeuka kuwa jangwa la mawe na mchanga.

Amri ya kupunguza ng'ombe

Mwaka 1938 Serikali iliamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu. Walikamatwa wakauzwa mnadani kwa bei ya chini. Kwa Mkamba ng'ombe ni mahari, na ni akiba ya mwaka wa njaa; tena hakuna aliyeulizwa shauri. Basi umati wa wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi wakapiga kambi huko majuma kadhaa wakidai kumwona Gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha amri yenyewe iliachwa. Ng'ombe walibaki, na udongo ukaendelea kumomonyoka.

Matuta ya aina mbili

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kazi ya kuchimba matuta ilisimamiwa na machifu, na watu walikwenda kwa kulazimishwa. Matuta mengi yalikuwa membamba, udongo wa mtaro ukitupwa upande wa chini. Mtaro wa namna hiyo hujaa upesi mchanga uletwao na maji, na tuta lake hubomoka.

Aina ya pili huitwa fanya juu. Kwanza mstari hupimwa kukata mteremko, ili kila mahali pa mstari pawe na usawa mmoja. Kisha huchimbwa mtaro wenye upana na kina cha karibu futi mbili, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Juu ya tuta hupandwa majani, kama napia, ambayo mizizi yake hushika udongo na mabua yake hulisha ng'ombe. Kila mvua inyeshapo, udongo ushukao huzuiwa na tuta. Baada ya miaka michache shamba hugeuka ngazi zilizo karibu kuwa tambarare, na maji hupenya ardhini badala ya kukimbilia mtoni.

Kazi hii ni nzito, lakini malipo yake humrudia mwenye shamba. Miaka ya 1950, Wakamba waliporuhusiwa kupanda kahawa, walitakiwa kutengeneza ngazi kwanza. Wengi walifanya kwa bidii kupitia mwethya, yaani desturi ya majirani kusaidiana kwa zamu, kila kikundi kikimchagua kiongozi wake.

Matokeo

Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 kazi ya kulazimishwa ilikoma, na matuta kadha wa kadha yaliachwa yabomoke. Lakini miaka ya 1970 wakulima wenyewe waliirudia fanya juu kwa wingi. Mwaka 1932 Machakos ilikuwa na watu wapatao 240,000. Mwaka 1989 walikaribia 1,400,000. Hata hivyo, uchunguzi wa Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kuwa mmomonyoko ulikuwa umepungua, na mazao kwa kila mtu yalikuwa yameongezeka.

Siku hizi nchi hiyo imegawanyika kuwa Kaunti za Machakos na Makueni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yataka kila Kaunti iwe na mpango wa maendeleo wa miaka mitano, na wananchi washirikishwe katika kuutunga. Mwananchi asiyehudhuria mkutano wa mpango huo huwaachia wengine kuamua juu ya shamba lake. Na afisa anayeleta mpango uliokwisha kukatwa, bila kusikiliza wenye ardhi, hana budi kukumbuka ng'ombe wa mwaka 1938.