“Mali ya Abdulla”: Kanga ya Bibi Ilitoka Wapi?

Jumamosi iliyopita tuliwaomba wanafunzi wa darasa la kati waje na kanga moja kutoka nyumbani. Msichana mmoja alileta kanga ya marehemu bibi yake, kuukuu, rangi imeshapauka. Pembeni akaona maandishi madogo: “K.H.E. – Mali ya Abdulla”. Akauliza, “Mwalimu, Abdulla ni nani? Kwani kanga hii si ya bibi?” Mwenzake akatazama yake, akaona imetengenezwa India. Akasema, “Basi hii si yetu hata kidogo.”

Maswali haya yanafaa kujibiwa na sisi wakubwa pia.

Kabla ya kanga

Katika karne ya 19, watu wengi wa mwambao walivaa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Jina lake linaonyesha kilikotoka: kililetwa Zanzibar na meli za Wamarekani, hasa kutoka mji wa Salem, Massachusetts. Kikitiwa rangi nyeusi au buluu iliyokoza kiliitwa kaniki. Hizo ndizo zilizokuwa nguo za watumwa na za maskini.

Kisha zikaingia leso. Neno hili tulilipata kwa Wareno, na maana yake ni kitambaa cha mkononi. Leso zilikuja zikiwa zimeungana katika jora, bado hazijakatwa. Wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso sita kwa pamoja, wakazikata tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, wakapata nguo moja pana ya kujifunga. Wenye maduka walipoona hivyo, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Nguo za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama ya ndege aitwaye kanga, na inasemekana jina lilitoka hapo. Mombasa wengi bado wanaiita leso.

Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897. Wanawake walioachwa huru waliacha merikani na kaniki, wakajinunulia kanga. Mtu akijifunga kanga mpya na kupita njiani, kila aliyemwona alijua kwamba huyu si mtumwa wa mtu tena.

Sasa, Abdulla

K.H.E. ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyejulikana Mombasa kwa jina la Abdulla. Biashara yake ilianza mwaka 1887, na ukoo wake umeiendeleza kizazi baada ya kizazi katika Mtaa wa Biashara. Neno “mali” hapa lina maana ya bidhaa. Kwa hiyo alama ile haisemi kwamba Abdulla anaimiliki nguo ya bibi. Inamwambia mnunuzi kwamba bidhaa hii imetoka dukani kwa Abdulla. Kanga ni ya bibi, alama ni ya duka.

Abdulla anakumbukwa kwa jambo jingine. Inasemekana yeye ndiye aliyeanza kuweka maneno kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo mwanzo maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi kama tunavyoona leo. Ndiyo maana kanga ina sehemu tatu: pindo, yaani mapambo yanayozunguka pande zote nne; mji, yaani sehemu ya katikati; na jina, yaani yale maneno. Huuzwa vipande viwili vinavyofanana, na jozi hiyo huitwa doti.

Je, ni yetu?

Ni kweli, kanga nyingi zilichapwa mbali: Uingereza, Uholanzi, Japani na India. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, na kanga zikachapwa nyumbani. Leo nyingi zinatoka tena India.

Lakini mchapaji wa Uholanzi hakujua Kiswahili. Asingeweza kubuni “Wema hauozi” au “Nani kama mama”. Maneno yalitoka kwetu, na wanawake wa mwambao ndio walioamua kipi kinunuliwe na kipi kibaki rafuni. Wao ndio walioshona leso za kwanza, na wao ndio waliojua kanga ipi apewe bibi harusi, ipi abebewe mtoto, na ipi avae mtu akitaka kumjibu jirani bila kufungua mdomo. Kwa hiyo wanangu, kitambaa kimepita mikono ya Wareno, Wahindi, Wazungu na Wajapani, na kanga ni yetu.

Kazi ya wiki hii

Wanafunzi: tafuteni kanga moja nyumbani. Andikeni jina lake, na mtazame ukingoni kama kuna alama ya duka au kiwanda. Kisha mpigieni simu bibi, shangazi au mama mkubwa, mumwamkie vizuri, mumwulize: kanga hii ulipewa na nani, na jina lake lilikuwa na maana gani kwako?

Wazazi: tunaomba muwasaidie, na simu hiyo ipigwe mapema. Alama iliyochapwa tutaisoma hata miaka mingi ijayo. Lakini aliyeitoa kanga ile, na kwa nini alichagua maneno yale, anajua bibi peke yake. Msichana wetu alitamani kumwuliza wake, na hakuwahi.